Miguu Kuwaka Moto na Kufa Ganzi kwa Anayetumia ARV: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo na Kutibu

Anayetumia ARV, yaani dawa za kudhibiti VVU, akianza kuhisi nyayo zinawaka moto usiku, vidole vinachomachoma au miguu imekufa ganzi, wa kwanza kulaumiwa ni ARV. Kuna wakati lawama hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Siku hizi mara nyingi inamwangukia asiyehusika, na kosa hilo lina gharama: mtu anaacha dawa inayomlinda, virusi vinaongezeka, na kilichokuwa kinaharibu miguu kinaendelea na kazi yake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "niache dawa gani?", mtafute mhusika wa kweli. Mara nyingi anapatikana kwa kalamu na karatasi, kabla hata damu haijatolewa.

Dozi zilizotajwa humu ni za kukusaidia kuzungumza na mtoa huduma wako ukielewa kinachosemwa. Si za kujiandikia mwenyewe.

Dawa zinazoharibu mishipa ya fahamu, na zinazosingiziwa

Mishipa ya fahamu inayofika vidole vya miguu ndiyo mirefu kuliko yote mwilini. Inaanzia sehemu ya chini ya mgongo na kushuka mpaka unyayoni, na ncha zake ziko mbali sana na kiini cha seli kinachozilisha. Chochote kinachopunguza nishati au virutubisho vya seli huzigusa ncha hizo kwanza. Ndiyo maana dalili huanzia vidoleni na kwenye nyayo, miguu yote miwili kwa pamoja, kisha hupanda taratibu kuelekea kifundo na ugoko. Zikikaribia magoti ndipo ncha za vidole vya mikono nazo huanza kufa ganzi. Watu warefu na waliovuka miaka 40 huathirika kwa urahisi zaidi.

ARV zilizokuwa na sifa hii mbaya ni tatu, zote za kundi moja: zalsitabini (ddC), didanosini (ddI) na stavudini (d4T). Zilizuia kimeng'enya kiitwacho polimerasi gama, ambacho mitokondria hukitumia kunakili DNA yake. Mitokondria ndiyo inayozalisha nishati ya seli. Ikishindwa kujinakili, mishipa mirefu hukosa nishati na ncha zake hufa. Stavudini ndiyo iliyogusa watu wengi zaidi, kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu na iliwekwa kwenye kidonge kimoja pamoja na lamivudini na nevirapini. Shirika la Afya Duniani lilishauri kwanza dozi yake ishushwe kutoka miligramu 40 hadi 30 mara mbili kwa siku, na mwaka 2009 likazishauri nchi ziiondoe kabisa hatua kwa hatua. Zalsitabini iliacha kuuzwa mwaka 2006. Anayeanza matibabu leo hapewi hata moja kati ya hizo, lakini aliyeanza ARV kabla ya mwaka 2010 anaweza kuwa bado amebeba ganzi ya enzi hizo.

Mchanganyiko unaotumika zaidi sasa ni tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, yaani TLD. Una madhara yake (figo, usingizi, maumivu ya kichwa, kuongezeka uzito, na kwa baadhi ya watu sukari kupanda), ila hauhesabiwi miongoni mwa dawa zinazoharibu mishipa ya miguuni. Zidovudini (AZT) nayo husingiziwa. Tatizo lake ni misuli: mtu anashindwa kuinuka alipochuchumaa au kupanda ngazi, mapaja yanauma, lakini vidole vinahisi vizuri. Efavirenzi huleta kizunguzungu na ndoto za ajabu. Athari yake iko kichwani zaidi kuliko miguuni.

Mhusika anayesahaulika ni isoniazidi (INH), iwe ni ya kutibu kifua kikuu au ya kukinga. Dawa hii huingilia kazi ya vitamini B6, na mishipa ya fahamu haiwezi kuishi bila B6. Hatari huongezeka kwa mwenye lishe duni, mjamzito, mnywaji pombe, mwenye kisukari, na kwa watu ambao miili yao huiondoa isoniazidi polepole kwa kurithi. Kinga yake ni rahisi mno: vitamini B6 (piridoksini) kila siku, kwa kawaida miligramu 10 hadi 25, na baadhi ya programu hutoa hadi 50. Shida ni kwamba vidonge vya B6 huisha kliniki mapema kuliko isoniazidi, au mgonjwa huviona ni "vitamini tu" na kuviweka kando. Baada ya wiki au miezi michache nyayo zinaanza kuwaka, na ARV inabebeshwa mzigo.

Wengine wa kuwaangalia:

- Linezolidi, inayotibu kifua kikuu sugu. Athari hujitokeza baada ya wiki kadhaa hadi miezi, na huweza kugusa macho pia. Uharibifu wake usiposhughulikiwa mapema unaweza kubaki.
- Vinkristini na paklitakseli, zinazotumika kwa saratani ya Kaposi. Vinkristini huwa kali zaidi mgonjwa akiwa pia kwenye ritonaviri au kobisistati (dawa za kuongeza nguvu ya baadhi ya ARV), maana hizo huzuia ini lisiiondoe.
- Metformini ya kisukari. Yenyewe haiumizi mishipa, lakini ikitumika miaka mingi hupunguza vitamini B12 mwilini.
- Dapsoni (ya ukoma), na metronidazoli (antibiotiki) ikitumiwa kwa wiki nyingi mfululizo.

Halafu kuna VVU vyenyewe. Virusi, pamoja na uvimbe vinaouletea mwili, huharibu mishipa hata kwa mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge, hasa kama CD4 (idadi ya seli za kinga) ilishuka sana kabla ya kuanza tiba. Kwa mtu wa namna hiyo ARV ni sehemu ya dawa ya miguu, na kuiacha ni kuongeza ugonjwa uleule unaolalamikiwa.

Hatua ya 1: Hakikisha si dharura

Uharibifu unaoletwa na dawa huenda polepole na hugusa pande zote mbili. Dalili zikienda kinyume na hapo, usisubiri tarehe yako ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo ukiona lolote kati ya haya:

- Miguu inaishiwa nguvu ndani ya siku chache na udhaifu unapanda juu, hasa kukiwa na shida ya kupumua au kumeza.
- Mkojo unakataa kutoka, au haja inatoka bila wewe kujijua, au kuna ganzi sehemu za siri na makalioni. Huenda uti wa mgongo unabanwa.
- Mguu mmoja tu umedhoofika, au kuna maumivu makali ya mgongo pamoja na homa. Kifua kikuu cha uti wa mgongo ni lazima kifikiriwe.
- Malengelenge yamejipanga upande mmoja wa mwili. Huo ni mkanda wa jeshi, na dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72.
- Macho yanaona ukungu au rangi zimefifia, nawe uko kwenye linezolidi au ethambutoli (zote za kifua kikuu).
- Kidonda, kidole kilichobadilika rangi, au wekundu unaopanda mguuni.

Hatua ya 2: Andika kalenda ya dawa na dalili

Chukua karatasi, chora safu nne: jina la dawa, dozi, mwezi na mwaka wa kuanza, mwezi na mwaka wa kuacha. Andika kila kitu kinachoingia mdomoni au kwa sindano: ARV za sasa na za zamani, za kifua kikuu, za kisukari, za kifafa, antibiotiki, vitamini, dawa za asili, na pombe pia. Ukiwa na makopo au pakiti, nakili jina la dawa lenyewe badala ya jina la biashara. Chini yake chora mstari mmoja wa dalili: zilianza lini, zilianzia wapi, sasa zimefika wapi.

Kisha soma karatasi hiyo. Dalili zilizokuwepo kabla ya ARV zinaelekeza kwenye virusi au ugonjwa mwingine. Zilizoanza wiki au miezi michache baada ya isoniazidi zinaielekeza isoniazidi, na hapo swali linalofuata ni moja tu: B6 ilimezwa kweli, na kwa dozi gani? Zilizojitokeza taratibu baada ya miaka mingi ya tiba tulivu, virusi vikiwa havionekani kwenye kipimo, huelekeza kwenye sukari, upungufu wa B12, pombe, figo au umri. Ganzi iliyoanza enzi za d4T na haijasogea tangu hapo ni kovu la zamani. Haihitaji kubadilisha dawa ya sasa.

Kuna mtego mmoja hapa. Kubadilishiwa dawa na kuanza kwa dalili vinaweza kukutana mwezi mmoja bila kuhusiana. Mtu anahamishiwa TLD na papo hapo anaanzishiwa kinga ya kifua kikuu. Dalili zikija analaumu kidonge kipya cha ARV kwa kuwa ndicho alichokiwekea wasiwasi. Karatasi yenye tarehe huvunja ubishi huo.

Hatua ya 3: Pima miguu nyumbani

Kipimo hiki kinahitaji mtu mmoja wa kukusaidia na dakika mbili. Vua viatu na soksi, lala au keti miguu ikiwa imenyooshwa, kisha mwambie msaidizi akuguse mguu wa kulia na aseme "kulia", halafu wa kushoto na aseme "kushoto", ili mkubaliane pande. Funga macho.

Msaidizi aguse ncha ya kidole kwa ncha ya kidole chake cha shahada, kwa wepesi, sekunde moja au mbili. Asibonyeze, asipapase wala asigongegonge. Akibonyeza anaamsha hisia ya msukumo iliyo ndani zaidi na kipimo kinadanganya. Aguse kwa mpangilio huu: kidole gumba cha kulia, kidole kidogo cha kulia, kidole gumba cha kushoto, kidole kidogo cha kushoto, kidole cha kati cha kulia, kidole cha kati cha kushoto. Kila ukihisi, sema upande. Kila kidole kinaguswa mara moja tu. Usipojibu, asirudie, aandike "hapana".

Ukikosa viwili au zaidi kati ya sita, hisia ya kukulinda imepungua na miguu yako iko kwenye hatari ya kuumia bila kujua. Ukipata vyote sita lakini nyayo zinawaka, usijione umepona: mishipa myembamba ya joto na maumivu huweza kuharibika huku ile ya mguso ikiwa salama.

Ongeza mambo mawili. Tembea hatua kumi kwa visigino, vidole vikiwa juu; ukishindwa, misuli imeguswa na jambo hilo lazima lisemwe kliniki. Kisha simama miguu ikiwa pamoja na ufumbe macho, msaidizi akiwa karibu wa kukudaka. Ukiyumba sana macho yakifumbwa tu, taarifa za unyayoni hazifiki kichwani vizuri, na kutembea gizani ni hatari kwako.

Andika tarehe na matokeo, na namba ya maumivu kutoka 0 hadi 10. Rudia kila mwezi. Namba hizi ndizo zitakazoonyesha kama matibabu yanafanya kazi. Kumbukumbu peke yake hubadilika na hali ya siku.

Hatua ya 4: Kliniki

Usiseme "miguu inauma", kwa sababu utatoka na diklofenaki. Sema hivi: "Miguu yote miwili, kuanzia vidoleni, tangu mwezi fulani. Inawaka zaidi usiku. Maumivu ni 6 kati ya 10. Nimekosa vidole vitatu kati ya sita kwenye kipimo cha kugusa. Hii hapa orodha ya dawa zangu." Sentensi hizo zinambadilishia mtoa huduma mwelekeo mzima.

Uchunguzi wenyewe ni mfupi. Uma wa mtetemo wa hezi 128 huwekwa kwenye kiungo cha kidole gumba cha mguu, nawe unasema mtetemo ulipokwisha; kuuhisi kwa zaidi ya sekunde 10 huchukuliwa kuwa sawa, na kadiri muda unavyopungua ndivyo uharibifu unavyokuwa mkubwa. Nyundo hupigwa nyuma ya kifundo kuangalia kama mguu unaruka. Mruko huo hupungua au kupotea mapema. Uzi wa nailoni unaopinda kwa msukumo wa gramu 10 hubonyezwa unyayoni kupima mguso. Wakivikosa vyote, kalamu, pamba na kijiti bado vinatosha kuanzia.

Vipimo vya damu vinavyostahili kuombwa: sukari (ya asubuhi kabla ya kula, ambapo 7.0 mmol/L au zaidi ni kisukari ikithibitishwa tena, au HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi michache, ya asilimia 6.5 au zaidi), kreatinini ya figo, picha kamili ya damu, vitamini B12 kama inapatikana, kaswende, homa ya ini B na C, tezi ya shingo, na wingi wa virusi. Palipo na mabaka ya ngozi yasiyohisi au mishipa iliyovimba kwenye kiwiko, ukoma nao ufikiriwe. Kipimo cha umeme wa mishipa hakihitajiki kwa wengi. Kinafaa pale picha inapokataa kueleweka: upande mmoja, udhaifu mkubwa, au kuenda haraka.

Hatua ya 5: Ondoa chanzo bila kubomoa tiba

Usiache ARV mwenyewe, hata kwa wiki moja ya "kujaribu". Jaribio hilo halitakuonyesha chochote, kwa sababu mishipa iliyoumia huweza kuendelea kuuma au hata kuzidi kwa wiki 4 hadi 8 baada ya dawa mbaya kuondolewa. Madhara ya kuacha, kwa upande mwingine, ni ya haraka. Efavirenzi na nevirapini hukaa mwilini muda mrefu kuliko wenzao. Ukiacha zote kwa pamoja, virusi hubaki vinapambana na dawa moja tu na kujifunza kuishinda. Mwenye homa ya ini B akiacha tenofoviri na lamivudini, ini linaweza kuwaka vibaya.

Ikiwa bado kuna d4T au ddI kwenye dawa zako, inatolewa hiyo moja na kuwekwa nyingine, kwa kawaida tenofoviri au abakaviri, bila kusimama hata siku moja. Kabla ya hapo wingi wa virusi upimwe. Kama virusi viko juu licha ya dawa, kubadilisha kidonge kimoja ndani ya mchanganyiko ulioshindwa ni kuichoma dawa mpya bure. Unabadilishwa mpango mzima.

Kwa isoniazidi, B6 hupandishwa kuwa dozi ya tiba, kwa kawaida miligramu 100 hadi 200 kwa siku, kisha hurudishwa kwenye dozi ya kinga dalili zikitulia. Kama isoniazidi ilikuwa ya kukinga tu na dalili ni kali, mtoa huduma anaweza kuisimamisha. Kama ni sehemu ya kutibu kifua kikuu, uamuzi ni wa kliniki ya kifua kikuu, maana kukatisha tiba hiyo kuna hatari yake.

Na hapa ndipo wengi huharibu. B6 ikizidi na kutumika muda mrefu, nayo huharibu mishipa ya fahamu, kwa dalili zilezile ilizokuja kuzitibu. Baadhi ya vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B vina miligramu 100 au 200 za B6 katika kidonge kimoja. Mtu anayemeza vitatu kwa siku, miezi sita, pamoja na sindano za "mishipa" kila wiki, anajijengea ugonjwa mpya na kuulipia. Soma lebo, jumlisha B6 yote ya siku, na usikae kwenye dozi ya tiba bila tarehe ya kuipunguza.

Linezolidi hupunguzwa dozi au kusimamishwa na timu ya kifua kikuu sugu, mapema kadiri iwezekanavyo. Upungufu wa B12 hutibiwa kwa sindano za mikrogramu 1000 au vidonge vya dozi kubwa. Sukari idhibitiwe, ila anayetumia dolutegraviri hapaswi kuvuka miligramu 1000 za metformini kwa siku bila daktari kujua, kwani dolutegraviri huipandisha metformini kwenye damu. Pombe ipunguzwe mpaka iishe. Hakuna dawa ya mishipa inayoshindana nayo.

Hatua ya 6: Tuliza maumivu bila kuigonganisha na ARV

Parasetamoli husaidia kidogo tu kwa maumivu ya namna hii. Diklofenaki na ibuprofeni karibu hazisaidii, na kwa anayetumia tenofoviri zinaongeza hatari ya figo kuumia. Kuzimeza kila siku kwa ajili ya nyayo zinazowaka ni biashara ya hasara pande zote mbili.

Amitriptilini ndiyo inayopatikana kwa urahisi. Huanzwa miligramu 10 hadi 25, saa moja au mbili kabla ya kulala, na kupandishwa polepole kila wiki moja au mbili, wengi wakiishia kati ya 25 na 75. Ipewe wiki 4 hadi 6 kabla ya kuhukumiwa. Hukausha mdomo, hufunga choo, na asubuhi huacha uzito wa kichwa. Ukiona hivyo imeze mapema zaidi jioni. Haifai kwa mwenye ugonjwa wa mapigo ya moyo, presha ya macho, au tezi dume inayozuia mkojo. Ritonaviri na kobisistati huipandisha kwenye damu, kwa hiyo anayezitumia aanze na 10. Tuseme ukweli: katika majaribio kwa watu wenye VVU, amitriptilini haikuipita dawa bandia kwa uwazi. Bado inatumika kwa sababu wapo inaowasaidia, na kwa sababu angalau inampa mtu usingizi.

Gabapentini ina faida ya kutogongana na ARV kwenye ini. Huanzwa miligramu 300 usiku, kisha mara mbili, kisha mara tatu kwa siku, ikipandishwa kadiri mtu anavyovumilia. Hutoka kwa figo, hivyo kreatinini ikiwa juu dozi lazima ishuke. Duloksetini ya miligramu 30 kisha 60 ni chaguo jingine. Kiraka cha kapsaisini cha asilimia 8 hubandikwa miguuni dakika 30 na mtaalamu, na nafuu yake huweza kudumu miezi kama mitatu; mahali pengi hakipatikani.

Migongano ya kukariri:

- Karbamazepini, fenitoini na fenobabitali (dawa za kifafa) hushusha dolutegraviri na ARV nyingine nyingi. Karbamazepini huandikwa sana kwa "maumivu ya mishipa" na mtu asiyejua kwamba unatumia ARV. Ikibidi itumike, dolutegraviri hupandishwa kuwa miligramu 50 mara mbili kwa siku. Bora ichaguliwe dawa nyingine.
- Vidonge vyenye chuma, kalsiamu, zinki au magnesi, pamoja na dawa za kiungulia zenye alumini au magnesi, huinasa dolutegraviri tumboni. Meza dolutegraviri saa 2 kabla au saa 6 baada yake. Vitamini B tupu hazina tatizo hili, lakini multivitamini yenye madini inalo.
- Dawa za asili za "kusafisha mishipa" zisizo na lebo haziwezi kukaguliwa na mfamasia yeyote. Ziache.

Mambo yasiyo dawa yana uzito wake usiku. Loweka miguu kwenye maji ya baridi ya kawaida dakika 10 hadi 15, bila barafu. Vaa soksi laini za pamba. Weka boksi au kiti kidogo chini ya blanketi upande wa miguuni ili kitambaa kisiguse vidole, maana mguso mwepesi wa shuka ndio humwamsha mtu. Tembea kila siku kwa umbali usioleta kidonda.

Hatua ya 7: Linda miguu isiyohisi

Ganzi haitishi kama maumivu, lakini ndiyo inayokata vidole. Kila jioni kagua miguu kwenye mwanga mzuri: juu, kisigino, na katikati ya kila vidole viwili. Unyayo utazame kwa kioo kilichowekwa sakafuni. Tafuta mkwaruzo, lengelenge, sugu lenye weusi ndani (damu imevujia chini yake), ukucha ulioingia nyamani, na sehemu yenye joto kuliko nyingine. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, kamwe si kwa mguu. Usiweke miguu karibu na moto wala chupa ya maji ya moto, hata ikihisi baridi kali. Ubaridi huo mara nyingi uko kwenye mshipa, mguu wenyewe una joto la kawaida.

Osha, kausha katikati ya vidole, paka mafuta juu na chini lakini si katikati ya vidole, ambako unyevu hualika fangasi. Kata kucha kwa mstari ulionyooka. Sugu lisikatwe kwa wembe. Usitembee peku hata ndani. Kung'uta viatu na uingize mkono ndani kabla ya kuvaa; msumari mdogo au kokoto vinaweza kukaa siku nzima bila kuhisiwa. Viatu vipya vinunuliwe jioni, miguu ikiwa imejaa, vivaliwe saa moja au mbili siku za mwanzo, kisha kagua wekundu. Anayeendesha gari au pikipiki na hahisi pedali vizuri asiendeshe mpaka apimwe.

Nafuu huja vipi

Mshipa wa fahamu ukipona hukua kwa takriban milimita moja kwa siku, kwa hiyo hesabu miezi. Baada ya chanzo kuondolewa tarajia wiki kadhaa za hali kutobadilika au kuzidi kidogo. Kisha eneo la ganzi linaanza kurudi nyuma kutoka juu kwenda vidoleni, na vidole huwa vya mwisho. Eneo lililokuwa limekufa kabisa likianza kuchomachoma, linganisha na kipimo chako cha mwezi: kama vidole unavyovihisi vimeongezeka, mshipa unaamka, kama vimepungua, chanzo bado kipo. Wengine hupona kabisa, wengine hubaki na ganzi isiyoongezeka, hasa walioumia na d4T kwa muda mrefu.

Baada ya miezi mitatu bila mabadiliko yoyote kwenye karatasi yako, rudi kliniki na kalenda ileile, na muanze upya kwenye safu ya kwanza: kuna dawa, vitamini au chupa ambayo haikuandikwa?